Soksi Isiyo na Wayo

Alikuja kiwandani Jumanne, theluji begani,
Daktari Ludomir Kęska, na rula ya kupimia mabomba.
Akauliza nani hapa hufuma soksi za watoto.
Wakaninyooshea kidole mimi, Bronka,
mashine ya tatu kutoka dirishani,
Łódź, mwaka wa sitini na moja.

"Nataka soksi," akasema, "isiyo na wayo wala kisigino.
Ianze mrija mmoja, kisha igawanyike miwili."
Nikamwambia hiyo si soksi, ni suruali ya mwanasesere.
Hakucheka.
Akachora mezani kwa chaki yangu
mshipa mkuu unavyoshuka kutoka moyoni,
na pale chini ya figo, umetuna
kama tairi la baiskeli lililochoka upande mmoja.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta:
lakini ukuta huu ukianguka
mwenyewe hamalizi hata supu iliyo mbele yake.

Nilifuma usiku, baada ya zamu,
kwa uzi wa poliesta, uzi wa mashati ya wanaume.
Mrija wa kwanza ulijikunja, ukajiziba wenyewe.
Nikauvisha kwenye fimbo ya chuma, nikaubana,
nikauchemsha katika sufuria ya viazi.
Ukatoka na makunyanzi, kama shingo ya kobe.
Sasa uliweza kupinda na bado ukabaki wazi.

Mbwa wa kwanza akafa. Wa pili. Wa tano.
Daktari aliandika yote katika daftari la kijani,
hata makosa yake, kwa mwandiko uleule.
Mrija ulivuja kama chujio la chai.
Otylia, msaidizi wake, binti wa mafua yasiyokwisha,
ndiye aliyechota damu ya mbwa mwenyewe,
akauloweka mrija, akangoja.
Dakika kumi. Damu ikaganda katika kila kitundu.
Wakaushona. Ukashika.

Nimesikia watu wakisema damu nzito kuliko maji,
wakigombania nyumba ya marehemu.
Mimi uzito wake nimeuona ndani ya bakuli.

Mbwa yule, Szyszka, aliishi
hata akaiba soseji mfukoni mwa daktari.

Kisha akaja mtu.
Wacław Pietrasik, fundi rangi, buluu hadi viwikoni,
aliyezoea kusoma chali kitandani
mpaka siku alipoona kitabu kinarukaruka tumboni.

Mrija wake niliufuma mwezi wa pili.
Safu ya mia na kumi na mbili, mlango ukagongwa,
nikashtuka, kitanzi kikaponyoka.
Nikakidaka kwa kulabu. Nikaendelea.
Alikuwa jirani tu, anaomba chumvi.
Daktari aliukagua kwa kioo cha kukuzia, akasema: safi.
Sikumwambia mtu.

Pietrasik aliishi miaka kumi na tisa.
Tukikutana kituo cha tramu
sikuweza kumsalimia usoni;
macho yangu yalishuka yenyewe chini ya mbavu.
Alidhani naupenda mkanda wake.
Mara moja alinionyesha kifungo chake, shaba tupu,
nami nikasema ndiyo, mzuri, unadumu.

Alikufa kwa mapafu. Tumbaku, na mvuke wa rangi.
Nilikwenda kuzika, nikasimama nyuma.

Soksi zote nilizofuma zimetoboka vidoleni,
wamezitupa, wamesafishia viatu.
Hii moja imo udongoni, makaburi ya Doły.
Mbao zimekwisha, nyama imekwisha,
poliesta haijui kuoza.
Umelala pale ule mrija, mdomo wazi, makunyanzi yake yote,
hakuna kinachopita.

Nina miaka themanini na minne.
Kabla ya usingizi bado nahesabu:
mia na kumi,
mia na kumi na moja,
halafu nasikiliza mlango.